Upimwe fimbo za gofu na nani: chapa moja, duka kubwa, studio huru, mwalimu au fundi wa karakana?

Mtu akinunua suruali ndefu kuliko miguu yake, ataipeleka kwa fundi ikakunjwe. Mtu huyohuyo akinunua fimbo za gofu ndefu kuliko anavyohitaji, atajikunja yeye. Atarudi nyuma kidogo kutoka kwenye mpira, atashusha mikono, atakaza mabega, na baada ya miaka miwili hiyo ndiyo itakuwa swingi yake, yaani namna yake ya kuzungusha fimbo. Kisha atamlipa mwalimu amwondolee tabia aliyofundishwa na fimbo.

Nadhani unayesoma hapa umeshakubali kupimwa na unachotafuta ni mlango wa kubisha. Nimepita karibu yote, kwanza nikiwa na handikapu (mipigo ya ziada anayoruhusiwa mchezaji; ikipungua ndiyo bora) ya 24, baadaye nikiwa na 15, na nimetoka nikiwa nimefurahi mara nyingine na nimeingizwa mjini mara nyingine. Nitailinganisha kwa swali moja ninaloliamini kuliko mashine yoyote: je, fundi huyu yuko tayari kunirudisha nyumbani na fimbo zangu za zamani?

Kwanza, wanapima nini

Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyeanzisha Ping nchini Marekani mwaka 1959, ndiye aliyeizoesha dunia ya gofu wazo la kupimwa. Mwaka 1972 kampuni yake ilianza kuweka doa la rangi kwenye aironi, zile fimbo za kichwa cha chuma zenye namba, kuonyesha pembe ya lai. Doa jeusi ni kipimo cha kawaida. Rangi nyingine humaanisha fimbo imesimama zaidi au imelala zaidi.

Lai ni pembe kati ya shafti, yaani mpini wa fimbo, na ardhi pale wayo wa fimbo unapotulia chini. Fimbo ikisimama mno kwako, ncha ya kichwa huinuka, kisigino hugusa nyasi kwanza, na uso wa fimbo hutazama kushoto kama unapiga kwa mkono wa kulia. Ikilala mno, mpira huelekea kulia. Jinsi lofti, yaani mlalo wa uso wa fimbo unaorusha mpira juu, inavyokuwa kubwa, ndivyo kosa hilo linavyozidi kuuma, kwa hiyo utaumia zaidi kwenye weji, fimbo ya mipigo mifupi ya juu, kuliko kwenye aironi 4. Nimewaona watu wakihangaika mwezi mzima kurekebisha mkono wa kushoto kumbe aironi zao zilikuwa zinatazama kushoto zenyewe.

Urefu na lai huenda pamoja. Ukirefusha fimbo kwa nusu inchi, ni kama umeisimamisha kwa takriban digrii 1. Ndiyo maana mtu anayekuuzia fimbo ndefu bila kugusa lai amefanya nusu ya kazi.

Shafti ina uzito, ugumu na mahali inapopindia. Usizibabaikie herufi za ugumu R, S na X zilizoandikwa juu yake, maana hakuna kipimo kimoja ambacho kampuni zote zimekubaliana. S ya huyu inaweza kuwa laini kuliko R ya yule. Uzito haudanganyi sana, kwa sababu gramu ni gramu. Shafti za chuma za aironi nyingi ziko kati ya gramu 90 na 130, na za grafaiti kwa kawaida ni nyepesi zaidi. Gripu, sehemu ya kushikia, ni jambo dogo na la bei rahisi, na pengine kwa sababu hiyo mafundi wengi huliruka. Kila tabaka la utepe chini ya gripu huongeza kipenyo kwa takriban 1/64 ya inchi. Tabaka mbili au tatu tu, na mikono iliyokuwa ikikamua fimbo inalegea.

Kuna wanaopima haya yote ukiwa umesimama tu: urefu wa mwili, umbali kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi sakafuni, ukubwa wa kiganja. Ni mwanzo mzuri na si zaidi ya mwanzo. Watu wawili wa urefu mmoja, mmoja akiinama sana na mwingine akisimama kama mlingoti, hawawezi kutumia lai moja. Fundi anayejua kazi atachora mstari wima wa wino nyuma ya mpira, atakuambia upige, kisha ataangalia jinsi mstari huo ulivyojichapa usoni mwa fimbo. Ukiwa wima, lai ni sawa. Ukiinama, kuna kazi ya kufanya. Hakuna kompyuta hapo, ni kalamu tu.

Siku ya chapa moja

Mlango wa kwanza ni wa fundi wa kampuni, yule anayekuja kwenye uwanja wa mazoezi na mikokoteni ya vichwa na shafti za chapa yake. Nguvu yake ni kwamba anazijua bidhaa zake nje ndani. Anajua kichwa kipi kinashusha mzunguko wa mpira na kipi kinasaidia mtu anayegonga kwenye kisigino, na mara nyingi ana shafti ambazo duka halina. Jambo la pili ni kwamba utapiga nje, kwenye nyasi halisi, ukiutazama mpira unakoangukia.

Lakini kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Anaweza kukuambia ipi kati ya zake sita inakufaa, ila hawezi kukuambia kwamba ya jirani yake inakufaa zaidi, hata akijua. Muda pia huwa mfupi, kwa sababu nyuma yako kuna foleni. Ningemwendea kama nimeshaamua chapa, au kama nataka tu kujua lai yangu kwa haraka. Namba ya lai utakayoipata hapo itakusaidia kwingine pia, ingawa kampuni hazina kipimo kimoja cha kawaida. Basi andika digrii zenyewe, usiandike rangi tu.

Duka kubwa

Duka kubwa lina chapa nyingi chini ya paa moja, wavu, skrini na mashine ya kupimia mpigo. Ukilinganisha na siku ya chapa moja, hapa unashinda kwa uchaguzi na unapoteza kwa mtu. Anayekupokea anaweza kuwa fundi aliyepima wachezaji kwa miaka kumi na mitano, au kijana aliyehamishwa wiki iliyopita kutoka kwenye rafu za viatu. Duka ni lilelile, tangazo ni lilelile. Kwa hiyo ukienda dukani, tafuta jina la fundi kwanza, kisha weka miadi naye yeye.

Hapa ndipo nilipoingizwa mjini. Nilipiga aironi 7 yangu, kisha nikapewa aironi 7 mpya, na skrini ikaonyesha yadi 15 zaidi. Nilinunua siku hiyohiyo. Ilinichukua miezi kuelewa kilichotokea. Aironi 7 za mtindo wa zamani zilikuwa na lofti ya digrii 34 au 35. Nyingi za leo zinazouzwa kwa sifa ya umbali zina digrii 28 hivi, na nyingine hata chini ya hapo. Digrii 28 ndiyo iliyokuwa aironi 5 ya zamani. Nilikuwa nimelinganisha aironi 7 na aironi 5 iliyoandikwa namba 7, nikashangaa ya pili inakwenda mbali!

Uwanjani mpira ulitua kwa pembe ndogo na kuteleza hadi nyuma ya grini, ile nyasi fupi yenye shimo. Tena kukawa na pengo kubwa la umbali kati ya weji ya seti mpya na weji yangu ya zamani, kwa sababu seti nzima ilikuwa imeshushwa lofti. Kichwa kizuri cha kisasa kinaweza kuurusha mpira juu hata kikiwa na lofti ndogo, hilo ni kweli, na kwa mtu mwenye kasi ya kutosha si tatizo. Mimi sikuwa mtu huyo.

Tangu siku hiyo nauliza mambo mawili kabla ya kutazama yadi. Fimbo hii ina lofti ngapi? Na mpira unatua kwa pembe gani? Kwa aironi za kati, wapimaji wengi hupenda pembe ya kutua iwe karibu na digrii 45 ili mpira ukae kwenye grini. Fundi wa dukani akijibu maswali hayo bila kugeuza mazungumzo, kaa naye. Akirudi kwenye yadi, mshukuru na uondoke.

Studio huru

Hawa hawajafungwa na chapa moja, na kupima ndiyo biashara yao. Wana vichwa na shafti kwa makumi, na vifungio vya kuunganisha chochote na chochote. Kwa kawaida hulipwa ada ya kupima, kando na gharama ya fimbo. Wengi huikwepa ada hiyo. Mimi naipenda, kwa sababu mtu aliyelipwa kwa ushauri hana haja ya kukuuzia fimbo ili siku yake isiende bure. Linganisha na duka: pale upimaji ni wa bure, kwa hiyo lazima kitu kinunuliwe ndipo alipwe.

Studio haina utakatifu, hata hivyo. Udhaifu wake ni shafti. Ukiwa na ukuta mzima wa shafti za kifahari, ni vigumu kutozitumia, na tofauti kati ya shafti iliyokuja na fimbo na ile ya kifahari inaweza kuwa yadi mbili ambazo zingetokea hata kwa bahati. Dai kupiga zote mbili, mpira kumi kwa mpira kumi, na utazame jinsi mipira ilivyosambaa kulia na kushoto. Usiitazame ile moja iliyofika mbali.

Jambo jingine ni vifungio vyenyewe. Vina uzito wao, kwa hiyo fimbo uliyoipiga studioni haina uzani ule ule wa fimbo itakayoundwa kwa gundi. Uliza ni nani anayeunda fimbo: yeye mwenyewe hapo nyuma, au ni kiwanda kinachotumiwa karatasi. Jibu lolote linakubalika mradi akuambie jinsi atakavyohakiki fimbo zikifika.

Mwalimu wa klabu

Kwa vifaa, mwalimu ndiye maskini kuliko wote. Pengine ana vichwa vya chapa mbili na kimashine kidogo cha mkononi. Lakini ana kitu ambacho studio haiwezi kukipata kwa saa moja: amekuona ukipiga Jumamosi baada ya Jumamosi, ukiwa umechoka, ukiwa na hasira, upepo ukivuma. Anajua kosa lipi ni lako la kudumu na lipi ataling'oa kabla ya mwezi kwisha.

Hili lina uzito mkubwa kwa anayeanza. Mtu mwenye miezi mitatu ya gofu akienda studio, atapimiwa swingi ambayo hatakuwa nayo mwaka ujao. Mpe mwalimu kazi ya kuhakikisha mambo manne tu: urefu usizidi, lai isiwe mbali na ukweli, shafti isiwe nzito au ngumu mno, gripu itoshe mkono. Hayo yanatosha kwa muda mrefu. Vilevile begi lake halihitaji kujaa. Sheria inaruhusu fimbo zisizozidi 14, haimlazimishi mtu kuzibeba zote.

Aliye katikati ya kubadilishwa swingi naye asubiri, au apimwe na mwalimu huyohuyo anayembadilisha.

Fundi wa karakana

Huyu hatangazi sana. Ana mashine ya kupima na kupinda lofti na lai, msumeno wa shafti, gundi na mizani. Kazi yake ni kuzifanya fimbo ulizonazo zikutoshe. Kwa kipimo changu cha mwanzo, huyu anaongoza, maana hana fimbo mpya za kukuuzia.

Anachoweza kufanya kinategemea chuma chenyewe. Aironi zilizofuliwa kwa chuma laini hupinda bila ubishi, digrii 2 huku au kule. Zilizomiminwa kwa chuma kigumu kisichoshika kutu hukataa, na nyingine huvunjika shingoni, kwa hiyo muulize kabla, usimlaumu baadaye. Ukumbuke pia kwamba ukiipunguzia weji lofti kwa digrii 1, pembe ya wayo inayoizuia kuchimba mchanga hupungua kwa kiasi hichohicho.

Ambacho hawezi ni kukuambia kama kichwa cha aina nyingine kingekufaa zaidi. Kwa draiva hasa, ile fimbo ndefu ya kuanzia shimo, atakufupishia na kukubadilishia gripu, lakini hatajua mpira wako unazunguka mara ngapi kwa dakika. Nikiwa na aironi nzuri za zamani, ningeanzia kwake. Nikiwa natafuta draiva, ningempita.

Ndani au nje, rada au kamera

Mashine zimegawanyika katika makundi mawili makuu. Za rada, kama TrackMan ya Denmark au FlightScope ya Afrika Kusini, huufuata mpira unaporuka. Za kamera, kama GCQuad ya Foresight, hupiga picha za mpira na kichwa pale vinapogongana, kisha hukokotoa safari iliyobaki. Nje, mbele ya uwanja mrefu, rada iko nyumbani kwake kwa sababu inaona safari halisi. Ndani ya chumba kifupi, rada huona kipande kidogo tu na kukisia kilichobaki, wakati kamera haijali kama ukuta uko hatua nne mbele.

Ubishi wa mashine ipi ni bora hauna maana kubwa kwa mtu wa handikapu ya 18. Mambo mawili yana maana zaidi. La kwanza ni mpira. Mipira ya uwanja wa mazoezi mara nyingi hutengenezwa isiende mbali, na haizunguki kama wako. Ukipimiwa nayo, utachaguliwa draiva ya mpira usioutumia. Nenda na mipira yako sita. La pili ni zulia. Ukichimba sentimita tatu nyuma ya mpira kwenye nyasi, mpira hufa hapohapo. Kwenye zulia fimbo huteleza na kukupa mpigo wa heshima. Kama una tabia ya kuchimba, aironi na weji zipimwe nje. Draiva haina tatizo hilo kwa sababu mpira uko juu ya kigingi.

Kwa draiva kuna namba moja rahisi kuielewa: kasi ya mpira ugawanye kwa kasi ya kichwa. Ikikaribia 1.5, umeugonga katikati. Ikikaa kwenye 1.35, hakuna shafti itakayokuokoa mpaka uanze kuupata katikati, na dawa ya kwanza huwa ni kufupisha. Draiva za dukani ni ndefu, inchi 45 na zaidi. Sheria inaruhusu hadi 48, na tangu 2022 waandaaji wa mashindano ya wachezaji wa hadhi ya juu wanaweza kuweka kikomo cha 46. Wewe na mimi tunaweza kuwa wenye furaha zaidi chini ya 45. Fundi mzuri hupulizia uso wa draiva poda ya miguu ili kila mpigo uache alama, na atakuonyesha alama hizo kabla ya kukuonyesha skrini.

Kumjua fundi kabla ya kumlipa

Mpigie simu. Muulize kipindi kinachukua muda gani. Aironi peke yake zinataka saa nzima, na anayekuahidi begi zima kwa dakika arobaini atakuchosha au atakubahatishia. Muulize kama utaanza na fimbo zako. Akisema si lazima, hapo ndipo ninapokata simu, kwa kuwa bila fimbo yako hakuna anachokilinganisha nacho.

Ukifika, hesabu maswali yake. Atakayekuuliza kuhusu mgongo, kiwiko, mara ngapi unacheza kwa mwezi, na mpigo unaokuogopesha, amezoea watu. Atakayekukabidhi fimbo kabla ya jina lako amezoea mauzo. Tazama kama anabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akibadilisha kichwa, shafti na urefu kwa mkupuo, hata yeye hajui kilichosaidia. Anapaswa kukupumzisha pia, kwa maana mpigo wa sitini si wako, ni wa uchovu.

Mwishoni akupe karatasi yenye vipimo vyote: urefu, lofti na lai ya kila fimbo, jina na uzito wa shafti, gripu na tabaka zake. Asiyetaka kukupa anaogopa utanunua kwingine.

Puta, fimbo ya kusukumia mpira shimoni, wengi huisahau, wakati ndiyo wanayoigusa kuliko fimbo nyingine yoyote. Kwa puta sihitaji chumba cha skrini. Mwalimu mwenye jicho na zulia tambarare anatosha kuona kama urefu unaruhusu macho yako kukaa mahali pake.

Ningekuwa wewe

Ningekuwa naanza, ningeenda kwa mwalimu. Ningekuwa na seti ninayoipenda isiyotii, karakana. Ningekuwa na handikapu iliyotulia mwaka mzima na fedha ya kubadilisha begi, studio huru, na ningelipa ada yake bila kunung'unika. Duka kubwa ningeliendea kwa ajili ya mtu fulani ndani yake. Siku ya chapa moja ningeitumia kupiga mipira nje na kuondoka na namba zangu mfukoni.

Popote utakapoagiza, fimbo zikifika usiende nazo moja kwa moja uwanjani. Viwanda vina kiasi cha makosa kinachoruhusiwa, na usafirishaji hauna huruma. Mwambie fundi aziweke kwenye mashine ya lofti na lai moja baada ya nyingine mbele yako, karatasi ikiwa mkononi. Seti yangu ya mwisho, aironi 6 na aironi 8 zilikuwa zimepishana na karatasi kwa digrii 1, moja juu, moja chini, kiasi cha kuifanya 7 ionekane mgeni kati yao. Fundi alizipinda nikiwa nimesimama pale. Dakika kumi, nikaondoka nazo.